Unga Tusioula Kwetu

Wazo la kupiga picha mahali watu wanapoweka chakula lilikuwa langu mwenyewe. Nalisema hili mapema kwa sababu baadaye wako waliodhani nilitumwa, na hata baba yangu aliniuliza ni nani aliyenitia maneno hayo kichwani.

Wakati huo nilikuwa na kibanda cha picha kando ya Jogoo Road. Siku za kazi nilipiga picha za pasipoti na za fomu za shule, na wikendi harusi na ubatizo. Bado niliishi na wazazi wangu mtaani Mbotela, katika nyumba ya kanjo, yaani ya baraza la jiji, tuliyohamia nikiwa darasa la pili. Mama alishona sare za shule kwa cherehani ya miguu pale sebuleni. Baba alikuwa mfanyakazi wa kampuni ya unga ng'ambo ya reli, katika Eneo la Viwanda, na kazi yake ilikuwa kupokea mahindi langoni. Lori likifika, alichoma kila gunia kwa bambo, kile chuma chenye mfereji, akatoa punje chache, akazitazama kiganjani, akazinusa, kisha akaandika kama mzigo uingie au urudi ulikotoka.

Jumamosi nilihudhuria darasa la picha kwenye ukumbi wa mtaa. Mwalimu wetu alikuwa mama mmoja wa shirika linalowafundisha watu habari za chakula. Alitaka tuitumie kamera kama mdomo. Alisema mji mzima unakula bila kujua chakula kinatengenezwa vipi siku hizi, wala kinapitia mikono ya nani, na kwamba mtu asiyesoma makala atasimama mbele ya picha. Wenzangu walikimbilia mambo makubwa: kuku wa broila waliobanana vizimbani, nyanya zinazopuliziwa dawa asubuhi na kufika soko la Muthurwa jioni, sukuma inayonyweshwa maji meusi ya mto. Mimi nikaona nibaki karibu na mlango wetu. Safu yetu ilikuwa na milango kumi inayotumia mfereji mmoja wa maji. Nikaamua kuingia kila nyumba na kupiga picha ile kona ya chakula kama ilivyo, bila kumruhusu mtu apange kitu, halafu niandike chini yake kilichokuwapo na kilikotoka.

Ilinichukua wiki tatu. Mlango wa kwanza walikuwa wanaweka chakula chini ya kitanda, ndani ya kreti la soda. Wa tatu walikuwa na kabati lenye kufuli kwa sababu ya wapangaji wenzao. Karibu kote nilikuta vitu vile vile: mafuta ya kupima ndani ya chupa ya maji, mchele wa kilo moja, viungo vya unga vya kutia kwenye mchuzi, mkate uliokatwa tayari, na unga wa mahindi wa pakiti, mweupe, wa kampuni ile ya baba. Kitu kilichotoka shambani moja kwa moja kilikuwa fungu la sukuma tu, nalo lilikuwa limeshakatwakatwa na muuzaji.

Mlango wa saba ulikuwa wa mama tuliyemwita Mama Pacha, kwa ajili ya wasichana wake wawili waliokuwa darasa la sita. Huyu sikuhitaji kumbishia hodi. Nilipokuwa mdogo mama yangu alilazwa hospitali miezi miwili, nami miezi hiyo yote nilikula kwake na kulala kwake, akanisuka nywele kila Jumapili kabla ya kanisa. Mumewe, fundi wa mawe, alikuwa amefariki mwaka mmoja na nusu kabla ya picha hizo. Tumbo lilivimba, macho yakawa ya manjano, na hospitali wakasema ni ini. Watu wakanong'ona kwamba ni pombe. Mtu yule hakuwahi kuonja pombe. Alikuwa mzee wa kanisa na alijulikana kwa kukataa hata kukaa meza moja na walevi. Nadhani minong'ono hiyo ilimuumiza Mama Pacha kuliko ugonjwa wenyewe. Kwenye mazishi baba yangu ndiye aliyesimamia kila kitu, na kanisani alikaa kiti cha mbele pamoja na ndugu wa marehemu.

Kona ya Mama Pacha ilikuwa na unga mwingi kuliko zote, na sababu yake niliijua. Kila mwisho wa mwezi kampuni iliwapa wafanyakazi wa kudumu beli moja la unga, pakiti zilizofungwa pamoja kwa karatasi ngumu. Baba alilibeba begani akavuka nalo reli, akapita mlango wetu, akalitua kwa Mama Pacha. Alifanya hivyo tangu nikiwa sekondari. Sisi tulikuwa na mahindi ya nyanya yetu kutoka Bungoma. Gunia lilikuja kwa basi, tukalifuata kwa mkokoteni, mama akayachambua mahindi kwenye ungo punje kwa punje, kisha tukayapeleka kwenye kinu cha posho pale sokoni. Baba alisema unga wa nyumbani una ladha, na kwamba si vizuri mtu mwenye shamba kujazwa unga na mwenye jirani asiye na shamba akose. Watu walimsifu, na mimi nilisikia fahari.

Ndiyo maana picha ya kumi niliipiga kwetu. Sikutaka watu waseme nimeingia nyumba za wenzangu na kuificha yangu. Nilipiga gunia lililofunguliwa mdomo, ndoo ya unga wenye pumba, na maharagwe ndani ya debe. Chini yake nikaandika: "Katika milango kumi, huu pekee hauna unga wa pakiti. Baba wa nyumba hii hufanya kazi kwenye kampuni ya unga, lakini hajausahau udongo." Mwalimu aliisoma mara mbili akasema hiyo ndiyo picha ya maonyesho yote. Nikampigia nyanya simu kumwambia mahindi yake yamepata heshima mjini.

Maonyesho yalifunguliwa Jumamosi mchana. Nilizitundika picha kwa mpangilio wa milango, na majirani wakaja wakitafuta nyumba zao, wakichekana kwa sufuria zilizokuwa hazijaoshwa. Baba alifika akitoka kazini, koti lake la kazi likiwa bado na vumbi jeupe mabegani. Alitembea polepole kutoka picha moja hadi nyingine. Kwenye ya kumi alisimama. Nilimwona akisoma, midomo ikimchezacheza, nami nikangoja atabasamu.

"Nani alikwambia uandike kazi yangu hapa?" aliniuliza.

Nikamjibu kwamba hakuna aliyeniambia, na kwamba ni sifa. Akasema sawa, akatoka bila kunywa hata soda.

Aliyemfuata mbele ya picha hiyo alikuwa jirani wa mlango wa nne, mtu wa mzaha. Aliisoma kwa sauti ili kila mtu asikie, akasema mzee wetu ni kama muuza nyama anayekula maharagwe. Watu wakacheka. Mama Pacha naye akacheka. Yule jirani akaongeza, "Ama mzee anajua kitu," na kicheko kikapanda tena. Nilimwona Mama Pacha ameacha kucheka kabla ya wengine. Akarudi hadi kwenye picha ya nyumba yake, akaitazama, akaja tena mbele ya yetu.

Jumapili asubuhi nilipita ukumbini kabla ya ibada, nikakuta picha ya kumi haipo. Zile pini nne zilikuwa zimerudishwa ukutani kwa mpangilio, kana kwamba aliyeitoa alitaka kupaacha safi. Mlinzi wa ukumbi alishangaa kuniona nimeduwaa. Alisema mzee wangu alikuja mapema akamwambia nimemtuma aichukue, kuna mahali imeandikwa vibaya.

Nilimkuta baba sebuleni, amevaa suti ya kanisa, ameketi. Mama alikuwa kwenye cherehani akimalizia pindo la sketi ya mtu. Nikamuuliza kuhusu picha. Akasema hajaiona. Nikamwambia mlinzi amenieleza. Akasema mlinzi yule macho yake hayaoni vizuri. Baba yangu hakuwahi kunidanganya usoni, au ndivyo nilivyoamini hadi saa ile, na sikujua nimtazame vipi.

Mama akasimamisha mguu. Bila kugeuka akasema, "Mwambie mtoto."

Nilielewa mambo mawili kwa pamoja: kuna jambo, na mama analijua.

Baba alizungumza akitazama viatu vyake. Alisema ilianza miaka mingi iliyopita, msimu ambao mvua iliyakuta mahindi bado hayajakauka. Malori yalileta magunia yenye joto ndani. Alipochoma bambo alitoa punje za kijani na nyeusi, zenye vumbi la kuvu linalokaba koo, kuvu ambayo wapokea mahindi wote wanajua ina sumu inayoharibu ini. Aliandika mzigo urudishwe. Mkubwa wake akaandika juu ya maneno yake kwamba uingie, uchanganywe na mzuri. Siku hiyo kibarua mmoja kutoka mtaa wa Mukuru kwa Reuben, aliyekuwa akishusha naye kwa miaka, alikataa kubeba magunia hayo na akasema wazi kwa nini. Kesho yake hakuruhusiwa kuingia langoni. Baba alimwona nje amesimama, akapita. Mimi nilikuwa kidato cha pili, dada yangu ndio kwanza anaingia chuo. Tangu hapo, kila msimu wa mvua mbaya, ilikuwa hivyo. Na tangu hapo aliamua unga ule hautaingia nyumbani kwake.

Nilimuuliza swali moja tu, "Na wa Mama Pacha?"

Akasema angeupeleka wapi. Kuukataa kazini kungemfanya aulizwe sababu. Kuutupa, watu wangeona. Kisha akasema, "Si kila beli lilikuwa baya."

"Ulikuwa unajua lipi ni zuri?"

Mama ndiye aliyejibu, na maneno yake ndiyo yaliyonikata kuliko yote. Alisema mume wa Mama Pacha alipolazwa, yeye alikuwa akimpikia uji kwa unga wetu, kila siku, na kuupeleka hospitali kwa mguu. Alisema kama mtu anayejitetea. Nilikumbuka nikiibeba chupa ile ya uji mara kadhaa, nikijisikia mtoto wa watu wema. Walikuwa wamejua kiasi cha kumpelekea mgonjwa uji wetu, na bado mwisho wa mwezi beli lilikuwa linatua mlangoni kwake.

Baba alinisihi. Alibakiza muda mfupi astaafu, na alisema nikifungua mdomo siyo yeye peke yake atakayeumia. Akaongeza kwamba yote aliyafanya kwa ajili yetu. Hilo nililiamini, na ndilo lililonitia uchungu. Kuchambua mahindi kwenye ungo, safari za mkokoteni, ile habari ya ladha na ya udongo, nilikuwa nimeyapokea kama urithi wa familia yetu na nikayatundika ukutani watu wayasome. Kumbe alikuwa anatukinga sisi na kitu, huku anakigawa kwa mkono wake mwenyewe, na kusifiwa kwa kukigawa.

Sikwenda ibada. Nilikwenda mlango wa saba. Mama Pacha alikuwa anafua sare za wasichana, nikamweleza nikiwa nimesimama, kwa sababu niliona sistahili kukalia kigoda chake. Alisikiliza mikono ikiwa ndani ya povu. Nilipomaliza aliuliza, "Na mzee wangu?" Nikamwambia sijui. Nilimwambia kuna watu hupata ugonjwa wa ini kwa sababu nyingine, na kwamba hakuna anayeweza kujua sasa. Akajifuta mikono, akaingia ndani, akatoka na pakiti ya unga iliyobaki nusu, imefungwa kwa raba.

"Peleka ipimwe," akasema.

Mwalimu wangu wa picha alinisikiliza vizuri. Lakini alisema shirika haliwezi kuweka shutuma ukutani bila ushahidi, na akauliza kama baba atakubali kusema. Nilijua hatakubali. Basi akaipeleka ile pakiti kwa watu wanaopima. Jibu lilikuja baada ya siku kadhaa: unga ulikuwa salama. Aliniambia kwa furaha, kama habari njema. Na ilikuwa habari njema, kwa wasichana wale. Lakini pakiti moja ya mwaka wa jua haiwezi kuzisemea pakiti za miaka yote ya mvua. Nilipomweleza Mama Pacha, aliuliza kuhusu za wakati ule. Nikasema zililiwa. Akaitikia kwa kichwa.

Jioni hiyo alikuja kwetu. Hakuingia. Baba alisimama mlangoni na mimi nilikuwa nyuma yake. Hakupandisha sauti wala kumvunjia heshima.

"Mzee," akasema, "siku ya mazishi ulikaa kiti cha mbele."

"Ndiyo."

"Walipokuwa wakisema ni pombe, ulikuwa unawasikia."

Baba akasema alikuwa anawasikia.

"Basi," Mama Pacha akasema, akarudi kwake.

Nilifikiri safu yetu ingewaka moto. Haikuwaka. Habari ilizunguka kwa kunong'onwa, na walionikasirikia mimi walikuwa wengi kuliko waliomkasirikia baba. Walisema nimemwanika mzazi wangu kwa ajili ya kamera. Jirani wa mlango wa nne alinisimamisha karibu na mfereji, safari hii bila mzaha, akaniuliza, "Sasa unataka tule nini?" Duka letu lilikuwa linauza unga huo mmoja. Aliendelea kuununua. Maonyesho yalipoisha, mwalimu alinirudishia picha tisa ndani ya bahasha kubwa na kuniambia kazi yangu ilikuwa nzuri. Kampuni haikujua lolote. Malori yaliendelea kuingia langoni, na baba akaendelea kuvuka reli kila alfajiri.

Mwisho wa mwezi ule alirudi na beli begani kama kawaida. Safari hii hakuendelea hadi mlango wa saba; aliingia kwetu, akalitua juu ya meza. Akachana karatasi mwenyewe, akampa mama pakiti moja. Mama alisonga ugali huo mweupe, ukalainika vizuri, akatuwekea na sukuma. Baba alinawa, akamega tonge, akala. Akamega lingine. Nilielewa alikuwa ananionyesha kwamba sasa anakula wanachokula wengine. Labda alitarajia hilo lingetosha. Mama alikula kidogo. Mimi nilikaa nimeshika bakuli la maji ya kunawa hadi yakapoa, kisha nikanyanyuka.

Nilihama mwezi uliofuata, nikapanga chumba mtaani Umoja. Baba hunipigia simu Jumapili baada ya kanisa. Tunaulizana afya, mvua ya Bungoma, goti la nyanya. Hatujawahi kurudi kwenye jambo lile, na nahisi tutazeeka hivyo. Mama alikuja mara moja kunitembelea akaniletea pazia alilonishonea. Alipokuwa akilitundika aliniambia kwamba mke akiambiwa siri na mumewe hana pa kuipeleka. Nikamwambia alikuwa na pa kuipeleka, milango mitatu tu kutoka kwetu. Aliendelea kufunga pazia.

Mama Pacha naye alihamia Dandora kwa kaka yake. Mwaka jana alikuja kibandani na wasichana, sasa warefu kuliko yeye, wakihitaji picha za fomu za sekondari. Yeye alibaki nje kwanza, ameegemea mlango, akiangalia magari. Niliwapiga mmoja mmoja, nikawarekebisha kola. Wakati wanasubiri, aliingia akaketi kwenye benchi, na tukazungumza habari za shule na kodi ya nyumba Dandora. Nilitamani kumwomba msamaha, ila sikujua nianzie kwa kosa la nani.

Nadhani aliliona hilo, kwa maana yeye ndiye aliyesema.

"Wewe hukujua, mwanangu. Hilo nalikubali. Lakini uliona kwamba kwenu mnakula tofauti na sisi, ukaandika ukutani kama sifa."

Alisema kwa sauti ile ile aliyokuwa akiniambia nisitikise kichwa akinisuka. Niligeukia meza, nikazikata picha za wasichana wake nne nne, nikazitia ndani ya bahasha mbili, nikaandika juu ya kila moja ni ya nani ili zisichanganyike, maana wanafanana sana.